Majivu Hayakuua Ziwa: Maisha ya Bi Kome

Juzi chuo kikuu kilituma nyumbani wasifu wa marehemu uliokwisha andikwa, umepigwa chapa vizuri, na picha ya jengo lao juu yake. Familia iliusoma sebuleni kwa kupokezana. Ulisema marehemu alikuwa mtafiti mnyenyekevu, mwanafunzi mtiifu wa profesa wake, aliyependwa na wote. Mume wake aliposikia neno "mtiifu" alicheka, mara ya kwanza tangu msiba utokee, kisha akalia. Wasifu huo umerudishwa kwa waliouleta. Huu unaosomwa sasa umeandikwa na mdogo wake wa kike, aliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipokwenda shule ya bweni, na aliyegombana naye kuliko mtu yeyote aliyepo hapa, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja naye amefika, amekaa safu ya pili. Karibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953, mtoto wa tatu kati ya watano, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli ya baba. Mama alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa akitanguliza miguu, na mkunga aliyempokea alimwambia mama, "Huyu ameanza kwa kutupiga teke, jiandae." Mama alisimulia maneno hayo hadi uzeeni, na kila aliposimulia aliongeza kwamba hakujiandaa vya kutosha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na machimbo ya chokaa. Mawe yaliyovunjwa pale yalijaa magamba ya konokono na kome, na watoto wote wa mtaa waliyachezea. Marehemu hakuyachezea. Aliyapanga. Aliyatia kwenye makopo ya baba ya nati na gololi, kila aina kopo lake, na nati akazimwaga chini ya benchi. Siku moja baba alinguruma kutoka karakanani, "Nani katia konokono kwenye kopo langu?"

"Hao si konokono, baba," alijibu. "Walikuwa konokono."

Baba alitaka kumchapa, akashindwa kwa kucheka. Tangu siku hiyo, mtu akiuliza habari za baiskeli iliyoharibika kabisa, baba alimjibu, "Ilikuwa baiskeli."

Alianza shule ya msingi Januari 1960. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa sayansi aliwafundisha kwamba magamba yale ya machimboni yaliletwa na ndege waliokuwa wakila samaki zamani. Marehemu alinyoosha mkono akauliza ni ndege gani huyo anayebeba magamba maelfu kwa maelfu, halafu anayapanga kwa mistari iliyonyooka, makubwa chini, madogo juu. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alimpigisha magoti nje mpaka kengele ya kutoka. Jioni mama alimuuliza, "Umemjibu mwalimu?"

"Sijamjibu. Nimemuuliza."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," mama akasema, akampaka mafuta magotini.

Kuanzia mwaka 1967 alisoma sekondari ya bweni, na mwaka 1973 aliingia chuo kikuu kusomea jiolojia. Katika darasa lake wanawake walikuwa wawili, na mwenzake alihamia ualimu kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Marehemu alibaki peke yake kati ya wanaume waliomwita "mama" kabla hajafikisha miaka ishirini na mmoja, na waliokuwa wakimpa mikoba yao awashikie wakati wao wanagonga mawe. Mkoba wa kwanza aliushika. Wa pili aliutupa mtoni. Hakuombwa tena. Alihitimu mwaka 1976, akaajiriwa na idara ileile kutunza stoo ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe.

Hapa inabidi ieleweke vizuri kazi yake ilikuwa nini, kwa sababu wengi wetu tumekuwa tukiitikia kichwa kwa miaka arobaini bila kuelewa. Kulikuwa na bonde kavu ambalo zamani sana lilikuwa ziwa. Ziwa lile lilikuwa na samaki, konokono, kome, kaa na mamba. Halafu wote wakatoweka, na juu ya tabaka walimotoweka kuna tabaka nene la majivu ya volkano. Mhadhiri mmoja kijana alikuwa amejipatia sifa duniani kwa kuandika kwamba volkano ililipuka, majivu yakamwagika, na ziwa likafa kwa pigo moja. Hadithi tamu, fupi, inaeleweka hata na waandishi wa magazeti. Mhadhiri huyo ndiye aliyekuja kuwa profesa, kisha mkuu wa idara. Marehemu alimwita Bwana Majivu, mwanzoni nyuma yake, baadaye usoni pake.

Bwana Majivu ndiye aliyemsimamia marehemu katika masomo ya udaktari. Alimkabidhi trei zote za visukuku vya ziwa lile, akamwambia apange, ahesabu, athibitishe. Marehemu alipanga, akahesabu. Lakini alikuwa na ugonjwa wake wa tangu utotoni wa kutazama nani amekaa na nani. Alibandika karatasi ukutani kwenye stoo, kila aina ya mnyama akaipigia msumari, na aina mbili zilipokutwa pamoja kwenye jiwe moja alizifunga uzi. Kila tabaka lilikuwa na karatasi yake. Mama ndiye aliyempa nyuzi, zile za masalio ya cherehani, kwa hiyo ukuta ulikuwa na kila rangi, na waliopita mlangoni walidhani kuna mtu anajifunza kufuma.

Mwaka 1980 aliingia stoo mhandisi wa mitambo ya simu, aliyeletwa kubadilisha nyaya za jengo. Alisimama mbele ya ukuta akasahau nyaya.

"Nani amechora kituo chetu cha simu hapa?" akauliza.

"Hicho si kituo cha simu. Ni ziwa. Na usiguse."

Akagusa. Aliweka kidole kwenye msumari mmoja mdogo, pembeni, wenye nyuzi nyingi kuliko ulivyostahili. "Huyu hapa akikatika, mji mzima unanyamaza. Ni nani?"

"Kome. Mdogo kama ukucha, hana sura, hana lolote. Kila mtu anamruka."

"Kwenye simu pia tunaviruka vidogo," mhandisi akasema, "mpaka siku mji unanyamaza."

Marehemu alisimulia kwamba alikuwa amekwisha shika rula ya kumpigia mkono, akaiweka chini. Huyo ndiye mgane aliyekaa mbele yenu leo. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1981. Kabla ya harusi mama mkwe aliuliza mchumba anafanya kazi gani, mwanawe akamwambia anashughulika na wafu. "Anaosha maiti?" mama mkwe akashtuka. "Hapana mama, hao wamekufa zamani sana, hawaoshwi." Mama mkwe alitafakari akasema, basi angalau hawaambukizi. Ndoa yao ilikuwa ya mabishano ya hesabu mezani, vijiko vikiwa aina za wanyama na kamba za viatu zikiwa nyuzi, na haikuwahi kuwa na ukimya wa chuki hata siku moja. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye sasa ni daktari wa mifugo.

Kidole kile cha mhandisi kilimtuma marehemu kumfuata kome tabaka kwa tabaka. Akakuta jambo ambalo hakuwa ametumwa kulikuta. Kome yule alikuwa ametoweka zamani sana kabla ya majivu, matabaka mengi chini yake. Alipotoweka, nyuzi zilianza kukatika. Samaki wa ufukweni wakabaki peke yao, konokono wa matopeni peke yao, kaa peke yao, kila kundi kisiwa. Wote walikuwa bado wapo, ukiwahesabu unaona ziwa lina afya, lakini hakuna aliyemtegemea mwenzake tena wala aliyeweza kumwokoa mwenzake. Volkano ilipolipuka, haikuangusha kitu kilichosimama. Volkano zilizotangulia zilikuwa kubwa zaidi, na ziwa lilizivumilia.

Aliyaandika hayo katika sura moja ya tasnifu yake, akampelekea msimamizi wake mwaka 1983, akiwa na furaha ya mtoto. "Majivu hayakuua ziwa, Profesa," alimwambia. "Ziwa lilikuwa limeshakufa. Majivu yalikuja kuzika."

Bwana Majivu alivua miwani akaifuta. "Binti yangu, unajua ni nani aliyekupa meza unayoandikia?"

"Karani wa stoo, Profesa. Nilimwekea sahihi."

Aliambiwa aondoe sura hiyo au aondoke yeye. Alikuwa na mume aliyekuwa akimngojea ahitimu, wazazi waliokuwa wamekwisha watangazia majirani, na miaka saba ya kazi trei kwa trei. Aliiondoa. Alipata udaktari mwaka 1984, na katika picha ya mahafali yeye peke yake hacheki. Ndugu wanaosema marehemu alisamehe hawakumjua. Hakusamehe, wala hakujifanya amesamehe. Mwaka uliofuata Bwana Majivu akawa mkuu wa idara, na kiti hicho alikikalia miaka ishirini kama mtu aliyeketi juu ya kifuniko cha sufuria inayochemka.

Tuseme alichofanya, kwa kuwa wasifu ule wa chuo ulisahau. Alimpangia marehemu kufundisha vipindi vya asubuhi na vya mwisho wa jioni, katikati hakuna kitu, asipate siku nzima ya utafiti. Alimnyima kupandishwa cheo mara nne, na mara ya nne kijana aliyefundishwa na marehemu ndiye aliyepandishwa. Mashine ya kukatia mawe aliihamishia chumba cha chini kisicho na dirisha. Marehemu aliomba feni ya kunyonya vumbi, kila mwaka, kwa maandishi na kwa mdomo. Kila mwaka aliambiwa bajeti haijaruhusu, akiwa amesimama juu ya zulia jipya la ofisi ya mkuu. Alifunga kitambaa puani akaendelea kukata.

Mwezi wa Julai 1991 marehemu alikuwa likizo. Aliporudi alikuta stoo imepakwa rangi, ina meza ya duara na viti vya mikutano. Alimuuliza karani trei ziko wapi. Karani alitazama chini, akamwonyesha dirishani kwa kidevu. Nje, maegesho ya magari yalikuwa na mashimo tangu mvua za masika, na mashimo yale yalikuwa yamefukiwa.

Alimpigia mdogo wake simu, akasema maneno mawili tu, "Njoo. Ndoo." Mdogo wake alimkuta amepiga magoti juani katikati ya maegesho, na bisibisi mkononi, anachokoa magamba kutoka kwenye udongo yalimoshindiliwa. Mengine yalikuwa mazima. Mengi yalikuwa unga. Walimu walipita, wengine wakasema pole, wengine wakazunguka mbali. Saa za alasiri gari la mkuu wa idara liliingia, likasimama mbele yake, likapiga honi.

"Daktari, ondoka hapo, nipaki."

"Paki juu yangu. Umeshazoea."

"Ni kokoto hizo! Zimejaa stoo miaka yote, hazina kazi. Mafundi walihitaji kokoto, wakapewa."

Marehemu alisimama polepole, magoti yana damu, akaweka gamba moja juu ya boneti ya gari lile, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe. "Hili lina umri mkubwa kuliko kila kitu ulichokwisha kusema," alimwambia. "Na litakuwepo utakapomaliza kusema." Kisha akapiga magoti tena, na gari likarudi kinyumenyume likatafuta nafasi kwingine.

Hasira ile ilikuwa nzuri kuitazama, lakini haikuokoa kitu. Gamba lisilo na lebo halisemi limetoka tabaka gani, na lebo zote zilikuwa zimechomwa pamoja na takataka. Kazi ya miaka kumi na tano ilikuwa imekwisha. Wiki mbili marehemu hakugusa jiwe wala karatasi. Mume wake hakumbembeleza, alimjua. Siku moja alirudi kutoka kazini na hema, jerikeni sita na betri ya gari, akavirundika mlangoni.

"Bonde lipo palepale," akasema. "Hilo hakulifukia."

Kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, likizo zao zote ziliishia bondeni. Walichimba upya, tabaka kwa tabaka, wakiwa wawili na mtoto. Binti yao alijifunza kusoma kwa lebo za visukuku, na mwalimu wake wa darasa la kwanza alilalamika kwamba mtoto anaandika "tabaka la nane, chini" kila anapoambiwa aandike alikotoka. Nyumbani hakukuwa na sofa mpya wala rangi mpya ukutani, na mdogo wake marehemu alimsema sana kwa hilo, akaambiwa akitaka sofa aende kwake akakalie.

Mwaka 1999 alisoma matokeo yake mbele ya mkutano mkubwa wa wanasayansi. Ukumbi ulipokuwa bado unapiga makofi, Bwana Majivu alisimama. "Ningependa kujua sampuli hizi zimetoka wapi. Za stoo yetu nazifahamu, na hazipo."

"Hazipo kwa sababu unapaki gari juu yake," marehemu akajibu.

Ukumbi ulicheka. Bwana Majivu hakucheka. Wiki hiyohiyo aliandika mashtaka kwamba marehemu amebuni takwimu. Marehemu akasimamishwa kazi, akanyang'anywa ufunguo wa chumba chake, na jina lake likaondolewa mlangoni kabla ya kuulizwa swali hata moja. Mitaani watu walisema mwanamke yule wa mifupa kaiba. Sokoni mdogo wake aliulizwa kaiba nini, akasema kome, na muuza samaki akauliza mbona kesi kubwa hivyo kwa kome.

Suala hilo lilichukua zaidi ya mwaka. Mwishowe watafiti wa vyuo vingine viwili, wasiomjua marehemu wala mkuu wake, walikwenda bondeni wenyewe, wakachimba kwa mikono yao mahali walipopachagua wao. Wakakuta kome anatoweka kabla ya majivu, nyuzi zinakatika kabla ya majivu, kila kitu kama alivyosema. Mwaka 2001 chuo kilimwandikia kwamba suala lake limefungwa. Hakikuandika samahani. Lilifungwa kama mlango unavyofungwa mwenye nyumba akiwa bado nje.

Baada ya hapo kazi yake ilitembea kuliko alivyotembea mwenyewe. Wanaochunguza bahari za kale waliichukua, wakakuta kwingine nako vitu vikubwa vilikufa baada ya vidogo vinavyounganisha kufa. Wahandisi wa umeme waliichukua baada ya nchi kuzimika gizani, wakaacha kulinda mitambo mikubwa peke yake. Yeye mwenyewe aliita fani yake sayansi ya mitandao, na jina hilo lilimletea shida nyumbani. Kila mpwa aliyeshindwa kupiga simu alimletea. "Shangazi, si wewe wa mitandao? Hii haishiki." Marehemu aliitazama simu, akaizima, akaiwasha, ikashika. Ndugu wengine mpaka leo wanaamini alisomea hilo.

Mwaka 2003 surua iliua watoto, na chanjo zilizokuwepo hazikutosha wote. Daktari wa magonjwa ya mlipuko, aliyepo hapa leo, alimfuata nyumbani na ramani iliyokunjwakunjwa. Alikuwa amepanga kupeleka chanjo kwenye miji mikubwa.

"Kome wenu yuko wapi?" marehemu akamuuliza.

"Sijakuelewa, mama."

"Mahali padogo mnapoparuka. Watu hawakai hapo, wanapita tu. Wanabadilisha gari, wanauza mbuzi, wanaondoka na ugonjwa kwenda pande zote."

Walikesha juu ya ramani ile wakifunga nyuzi. Chanjo zilikwenda kwanza kwenye minada ya mifugo na njia panda ambazo hazikuwa na zahanati wala jina la maana. Surua ilikatika kabla ya mvua. Daktari huyo ametuomba tuseme wazi kwamba kuna watoto, sasa watu wazima, walio hai kwa sababu ya kome mmoja asiye na sura. Bwana Majivu alipoulizwa na gazeti alisema, "Sasa amekuwa mganga."

Halafu mwaka 2006, akiwa amestaafu, Bwana Majivu alichapisha makala ndefu juu ya ziwa lile. Ilianza hivi: "Kama tulivyokwisha kujua kwa muda mrefu, ziwa lilikuwa limedhoofika kabla ya mlipuko." Marehemu aliisoma jikoni, akaishusha mezani. Kunyimwa cheo alikuvumilia, maegesho aliyavumilia, kuitwa mwizi alikuvumilia. Kilichomchoma ni herufi mbili, t na u. "Tulivyokwisha!" alipiga kelele mpaka jirani akaja. "Tu! Tu nani? Alikuwa wapi huyo tu wakati mimi nachokoa maegesho na bisibisi?" Kwa miezi kadhaa ilikuwa hatari kusema "tutakula" au "tulienda" mbele yake. Alikuuliza: nyie na nani?

Haitakuwa haki kumfanya malaika. Marehemu alikuwa mkali, na ukali huo haukuchagua adui. Wanafunzi wake walimwita Bi Kome kwa mapenzi, lakini wawili walitoka ofisini kwake wakilia na hawakurudi. Harusi ya kaka yake hakuhudhuria kwa sababu mto wa bondeni ulikuwa umekauka na ndipo pa kuchimba. Alikaa mwaka mzima bila kuzungumza na mdogo wake kwa sababu mdogo wake alipigia viatu rangi kwa brashi yake ya kusafishia visukuku, na mdogo wake mpaka leo anashikilia kwamba brashi ile ilikuwa ya viatu. Alipenda watu wachache, akawapenda kwa kuwasahihisha.

Mwaka 2014 alianza kukohoa. Madaktari walipiga picha ya mapafu wakakuta yamekakamaa kwa vumbi la mawe. Walimuuliza alifanya kazi wapi, akawaeleza habari ya chumba kisicho na dirisha, nao wakaiandika kwenye faili lake. Alijua vizuri alichovuta na alijua nani alimwachia avute. Kuanzia mwaka 2017 aliishi na mtungi wa oksijeni kando ya kitanda, na mhandisi wake akaurefushia mpira ufike mezani, ili aandike.

Agosti mwaka huu alilazwa hospitali. Hapo ndipo Bwana Majivu alipomtembelea, ameshika maua, na nyuma yake kijana wa gazeti la chuo ameshika kamera. Mdogo wake na binti yake walikuwepo. Bwana Majivu aliketi kwenye kiti kilichokuwa kando ya kitanda.

"Umekuja kuniona," marehemu alimuuliza kwa pumzi fupi, "au kuonekana?"

Kijana wa kamera aliishusha. Bwana Majivu alisema yaliyopita si ndwele, wao ni wazee sasa, walijenga fani pamoja. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nitakusamehe hapa hapa, mbele ya mwanangu. Sema jambo moja tu. Nani alisema kwanza?"

Bwana Majivu aliyatazama maua yake. Ilikuwa rahisi kiasi hicho, na kwa muda mfupi ilionekana kama angesema, midomo ilifunguka. Ndipo akasema, "Sayansi haina mwenyewe, Daktari."

"Lakini kiti hicho kinaye," marehemu akajibu. "Ni cha mume wangu. Inuka."

Aliinuka. Maua alipewa muuguzi.

Marehemu alirudishwa nyumbani kwa ombi lake. Siku za mwisho binti yake alimsomea makala za vijana waliokuwa wakifuata njia yake, naye alizisahihisha kwa kidole. Mdogo wake alimuuliza aandike nini siku itakapofika.

"Usiandike nilikuwa mpole."

"Niandike nini basi?"

"Andika nilikuwa sahihi."

Alifariki alasiri ya tarehe 22 Septemba 2019, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Chuo kimeomba kukipa chumba kile cha chini jina lake. Familia imejibu kwamba kwanza kitobolewe dirisha. Bwana Majivu ameomba dakika mbili za kipaza sauti. Familia imekaa, imezungumza, na jibu ni hapana. Alipewa nafasi ya kusema mwezi uliopita, ilihitaji neno moja, na watu waliokuwepo walimngojea alitamke.

Marehemu ameacha mgane, binti mmoja na mkwe, wajukuu wawili, kaka mmoja, mdogo wake anayesoma hapa, wapwa wengi wenye simu, na wanafunzi waliotawanyika kila mahali, ambao usiku wa kuamkia leo wametuma salamu kutoka pande ambazo hatukujua kwamba anajulikana. Ameacha pia maadui, si wengi, wote wazima. Tunawaombea kwa dhati maisha marefu na masikio mazuri, ili kila mwaka waendelee kusikia jina lake likitajwa mahali ambapo lao halitajwi.

Yeye amechoka kwa haki. Mungu amlaze pema, mahali penye hewa safi, na amani aliyonyimwa kazini aipate huko bila kuiomba.